Kuinstoli kompyuta 36 kwa mtandao: preseed, FOG au Clonezilla?

Fundi_Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia maabara ya kompyuta ya chuo kidogo cha ufundi huku Mbagala. Mashine zipo 36: 22 ni HP za aina moja tulizochukua kwa mkupuo Kariakoo, 14 ni mchanganyiko. Zote zina Windows 10, ambayo usaidizi wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) ambayo nyingi hazina. Tunahamia Debian, aina ya Linux.

Mara ya mwisho nilitumia flashi tatu. Nakaa mbele ya mashine, nachagua lugha, saa za eneo, nywila, nahamia inayofuata. Siku mbili zikaisha, na bado nikakuta mashine tano zina jina moja. Safari hii nataka mashine iwake, ivute kila kitu kwenye mtandao na ijimalizie yenyewe. Nichukue njia ipi?

Bi_Swichi
Kaka, PXE, yaani kuwasha mashine kupitia mtandao, ni mlango tu. Kadi ya mtandao inaomba anwani (IP) kwa DHCP, huduma ya kugawa anwani, inaambiwa faili la kuwashia liko seva gani, inalivuta kwa TFTP, njia rahisi ya kuhamisha faili. Njia zinagawanyika baada ya hapo. FOG na Clonezilla zinanakili diski ya mashine ya mfano na kuimwaga kwenye nyingine. Preseed ni faili la majibu: kisakinishi cha Debian kinafanya kazi yake yote kama kawaida, ila majibu kinayasoma kwenye faili badala ya kukusubiri wewe.

Kwa zile 22, nakala ina raha yake. Tuseme imeji, yaani hiyo nakala ya diski, ina GB 15 na swichi yako ni ya megabiti 100. Ukimwagia mashine zote kwa pamoja kwa multikasti (seva inatuma mara moja, zote zinapokea), ni kama dakika 20 hivi. Ukitumia unikasti, kila mashine inavuta nakala yake kwenye waya uleule wa seva, na hapo unaongelea zaidi ya saa 7. Kwa hizo 14 za mchanganyiko mimi ningetumia preseed bila kusita, kwa sababu kisakinishi kinaitambua kila mashine upya.

Mkono_wa_Root
Namuunga mkono dada, ila niongeze jambo lililonigharimu usiku mzima. Niliwahi kunakili seva za Ubuntu, Linux nyingine, kutoka mfano mmoja. Zikawaka vizuri, kisha zikaanza kugombea IP moja. Kumbe zote zilibeba /etc/machine-id ileile (faili la kitambulisho cha mashine), na DHCP ikaziona ni mashine moja. Funguo za SSH, huduma ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, nazo zilikuwa zilezile. Kabla ya kuchukua imeji, acha machine-id iwe faili tupu, futa funguo za SSH, na uweke amri ya kuzitengeneza upya mashine ikiwaka mara ya kwanza. Ukitumia preseed, tatizo hili hulioni kabisa, ndiyo maana siku hizi sinakili Linux.

dada_wa_terminal
Asije mtu akakushauri Ubuntu kwa hizo mashine kuukuu bila kuangalia RAM. Kisakinishi chake cha seva kikiwashwa kwa PXE huvuta ISO nzima (faili zima la diski ya kuinstolia) na kuiweka kwenye RAM. Mashine ya GB 2 inakwama. Cha Debian kinaanza na kerneli (kiini cha mfumo) na initrd ndogo (mafaili ya kuanzia) tu.

Seva_ya_Ilala
Mkuu, chochote utakachochagua, chaguo-msingi la menyu ya PXE liwe kuwasha kutoka diski ya ndani. Nakuomba sana. Ofisi moja niliyofanya kazi tuliacha mtandao uwe wa kwanza kwenye BIOS (programu inayowasha mashine), na menyu ikaachwa kwenye kuinstoli baada ya sekunde 10. Umeme ukakatika, ukarudi, mashine ya mhasibu ikawaka yenyewe na kuanza kufomati. Nilimkuta mama wa watu amesimama mbele ya skrini anauliza faili zake za mishahara ziko wapi. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kwenye HP bonyeza F12 siku unayotaka kuinstoli, basi.

Fundi_Mbagala
Nimekusoma mkuu, pole sana. Bi_Swichi, ruta yetu tayari inagawa IP. Nikiwasha DHCP nyingine si vurugu?

Bi_Swichi
Vurugu kabisa. Dnsmasq, programu ya DHCP na TFTP, inaweza kukaa pembeni kama proksi, ruta ikaendelea kugawa IP. Lakini kwako ningetenga swichi ya maabara: seva yenye kadi mbili za mtandao, moja kwa ruta, moja kwa maabara, dnsmasq igawe IP upande wa maabara peke yake. Hapo unaandika MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya kila mashine na jina lake, na Debian inalichukua jina hilo kutoka DHCP. Lile tatizo la majina limeisha.

Weka na apt-cacher-ng, inayohifadhi pakeji zilizoshushwa, bandari 3142. Pakeji inashuka mara moja tu, nyingine 35 zinachukua kwako. Bando litakushukuru. Faili la kuwashia weka mawili, la BIOS na la UEFI, mrithi wake. Na nywila ndani ya preseed iwe heshi (umbo lililofichwa), kwa sababu yeyote aliye kwenye swichi hiyo anaweza kulisoma faili.

Fundi_Mbagala
Mrejesho, wakuu. Nimetumia preseed kwa zote 36, hata zile za aina moja, maana baada ya kuandika faili sikuona sababu ya kuwa na njia mbili. Nililijaribu kwanza ndani ya VirtualBox, programu ya kuigiza kompyuta, kisha nikaziwasha sita sita.

Mbili zilinisumbua. Moja iliandika PXE-E53: imepata IP bila jina la faili. Kebo yake ilikuwa bado kwenye swichi ya zamani, ruta ndiyo iliyoijibu. Nyingine ina diski ya NVMe, na mimi nilikuwa nimeandika /dev/sda, jina ambalo diski za NVMe hazilitumii. Nikabadilisha, sasa faili linachukua diski ya kwanza linayoikuta. Kabla ya kubonyeza nahakikisha hakuna flashi iliyochomekwa.

Ya mwisho imemaliza saa kumi jioni, jina lab-36 liko kwenye skrini yake. Faili la preseed nalisafisha, kesho nalibandika hapa.