Mdogo wangu yuko Ujerumani, anataka tuuze kiwanja cha Buswelu aingie mkataba wa akiba ya nyumba

Mwana wa Mwaloni:

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Mdogo wangu wa kike ni nesi Ujerumani, mji mdogo si mbali na Stuttgart. Kapata apatimenti ya chumba na sebule, euro 120,000. Mkononi ana 20,000. Afisa mauzo wa taasisi moja kamletea mkataba wa akiba ya nyumba, wenyewe wanauita Bausparvertrag, wa euro 100,000. Anapewa hizo laki sasa hivi kwa riba ya asilimia 4, lakini deni halipungui. Kila mwezi analipa riba tu, na pembeni anaweka akiba euro 400. Akiba ikifika asilimia 40 ya mkataba na zamu yake ikifika, deni la kwanza linalipwa kwa akiba hiyo pamoja na mkopo wa pili wenye riba ndogo, kisha anaanza kulipa huo wa pili. Akiba yake inazaa asilimia 0.1.

Kodi ya ununuzi na gharama za hati hana. Ndipo anataka tuuze kiwanja tulichonunua wote Buswelu, kimepimwa, kina hati. Mama kasikia, kanuna. Yule afisa anasema hatari hakuna kabisa. Mimi nauza dagaa Kirumba. Mtu akiniambia mzigo wote ni safi, nafungua gunia la chini.

Nawasilisha.

Jogoo la Igoma:

Kiwanja chenye hati Buswelu unauza? Huyo afisa aje aishi kwenye karatasi yake.

Baba Doto (Pasiansi):

Mkuu, nimeishi Hamburg miaka mingi kabla ya kurudi, na mkataba wa aina hiyo niliwahi kuwa nao. Ulikuwa mdogo, wa kubadilishia madirisha. Ulinifaa, kwa hiyo sina kinyongo nao.

Ule ni mchezo kama wanaocheza akina mama mtaani, ila wachezaji ni maelfu na zamu inapangwa kwa pointi: umeweka kiasi gani, kimekaa muda gani. Fedha unayokopeshwa ni ya wenzako wanaoendelea kuweka. Wakipungua, zamu yako inachelewa. Ndiyo maana sheria ya Ujerumani inakataza taasisi hizo kujifunga kwa tarehe ya kukupa fedha kabla zamu yako haijafika. Riba ya mkopo utaahidiwa, tarehe hapana. Afisa akitaja mwaka, hayo ni makadirio. Mwambie dada amwombe aiandike na kusaini kama ahadi, aone kama kalamu itaandika.

Halafu alichopewa siyo mkataba mtupu, ni mkopo na mkataba vimefungwa pamoja. Hapo ndipo penye kazi. Riba ya 4 kwa laki moja ni euro 4,000 kwa mwaka, kama 333 kwa mwezi. Weka na 400, anatoa 733. Baada ya miaka 8 ameweka 38,400. Toa ada ya kufungua mkataba, ambayo kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 1.6, na inapigwa kwenye laki yote, siyo kwenye alichoweka. Yaani mpaka 1,600 zinaliwa mwanzoni kabisa. Anabaki na kama 37,000, hata ile 40 hajaifikia, na bado anadaiwa laki kamili. Akitoa akiba kwenye deni, anadaiwa 63,000.

Sasa chukua mkopo wa kawaida wa benki, riba hiyo hiyo 4, alipe hizo hizo 733. Baada ya miaka 8 deni limebaki kama 55,000. Ile 8,000 ya katikati imeliwa na ada ya kufungua na kulipa riba ya 4 kwa deni lisilopungua, huku fedha yake mwenyewe imelala kwenye 0.1. Anachonunua kwa 8,000 hiyo ni uhakika wa riba ndogo huko mbele. Riba za soko zikipanda sana, atashukuru. Zisipopanda, imekwenda.

Mstaafu wa Reli:

Sisi tuliokuwa na akiba Benki ya Nyumba tunajua ilivyofungwa 1995. Hiyo taasisi ikifa je? Na mkataba unambana nani, mteja au wote wawili?

Baba Doto (Pasiansi):

Mzee shikamoo. Kufa siyo hofu kubwa, akiba hadi euro 100,000 kwa mtu inalindwa na sheria. Kubanana ni swali zuri. Riba ziliposhuka, taasisi zilivunja mikataba ya zamani iliyokuwa ikiwalipa wateja riba nzuri. Wateja wakaenda mahakamani, na Februari 2017 mahakama ya juu kabisa ya mashauri ya madai ikasema ruksa kuvunja, mkataba ukishatimiza miaka 10 tangu ufikie hatua ya kupewa mkopo. Ada ya kufungua nayo mahakama hiyo ilishaibariki 2010. Mteja asitegemee sana kuokolewa huko.

Mama Mhasibu:

Kaka, mimi nahesabu vitabu vya SACCOS Nyamagana. Akihamishwa kazi, au akaolewa mji mwingine mwaka wa nne, anatokaje?

Mwana wa Mwaloni:

Dada umeniwahi. Maana ana mchumba, na mchumba yuko Berlin.

Baba Doto (Pasiansi):

Basi hapo ndipo pabaya zaidi. Akiuza mapema, ule mkopo wa kwanza una fidia ya kuvunja kabla ya muda, na ada ya kufungua mkataba hairudi. Ule wa pili wa riba ndogo ndio unaolipika wakati wowote bila faini, lakini mwaka wa nne atakuwa hajaufikia.

Kuhusu kiwanja: kodi ya ununuzi jimbo lile ni asilimia 5, kwa 120,000 ni euro 6,000. Wakili wa hati na usajili, weka kama asilimia 2, 2,400 nyingine. Kama kuna dalali, ongeza. Fedha hiyo haiingii kwenye ukuta wala kwenye akiba. Msiuze ardhi Mwanza kulipia kitu ambacho akiuza apatimenti mwaka wa nne hakirudi hata senti.

Aende Verbraucherzentrale, ni ofisi ya ushauri wa watumiaji, ipo kila jimbo, anatoa ada kidogo na hawauzi mkataba wa mtu. Abebe karatasi zote pamoja na ofa ya mkopo wa kawaida kutoka benki nyingine. Asisaini kabla hajaziweka mbili hizo mezani. Na huyo mchumba wa Berlin naye aulizwe anataka kuishi wapi.