Ndege wa ufukweni Machi na Aprili: nifuate maji ya saa ngapi, na kamera niiwekeje?

Mwana_Kisauni
Salaam wakuu. Nina lenzi ya 100–400mm na nataka kuwapiga picha ndege wa ufukweni kabla hawajarudi kaskazini. Niko Kisauni, Mombasa, kwa hiyo Tudor na Mtwapa ni karibu, na hori ya Mida kule Watamu naweza kwenda wikendi. Asubuhi nakuta maji yamekupwa, ndege ni vidoti mbali topeni, na picha zinatoka kama zimepigwa nyuma ya moshi hata kamera ikiwa juu ya miguu mitatu. Nifuate maji gani? Na hawa wadogo wa kijivu mnawatofautishaje?

Bamvua
Ndugu, angalia mwezi kabla ya kamera. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku kwetu maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na tena saa kumi alasiri, kisha hukupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi. Ukitoka asubuhi ya bamvua, ndege wametawanyika tope lote na kila saa wanazidi kwenda mbali nawe.

Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Hesabu siku nne au tano baada ya bamvua: yatajaa kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu asubuhi. Hapo yanapanda jua likiwa bado chini, na yanawasukuma ndege hadi ulipo. Kwa jioni, siku mbili baada ya bamvua zinatosha. Siku ya saba ni maji mafu, usiyategemee, kwa sababu hayafiki tope la juu na ndege hawalazimiki kusogea. Hakikisha kwa jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, ukikumbuka kwamba linatumia saa za kizungu.

Fika mapema, muda wa saa mbili nzima kabla ya maji kujaa, keti chini pembeni mwa mikoko, jua mgongoni, na usiwafuate. Wakikuzoea watakuja wenyewe. Chagua njia ya kurudi kabla hujaketi: vijito vilivyo nyuma yako hujaa kabla ya uwanja ulio mbele yako, na tope la mikoko likilainika linavua malapa. Vaa viatu vya mpira vya kufunga.

Chumvi_na_Lenzi
Huo "moshi" ni hewa ya moto, lenzi yako haina kosa. Mwezi Machi jua linatupita utosini, na kuanzia saa tatu asubuhi hewa juu ya tope inatetemeka. Ndege aliye mita 60 hatoki mkali hata kwa lenzi ya bei gani. Dawa ni kumpata mita 15 hadi 20, basi.

Mpangilio: anayetembea kasi ya 1/1000 ya sekunde, anayeruka 1/2500, f/7.1, ISO iache ijipange yenyewe hadi 3200. Mla kaa, Dromas ardeola, ni mweupe sana. Punguza mwanga kwa 0.7, la sivyo manyoya ya kifua yanaungua na huwezi kuyarudisha. Miguu mitatu iache nyumbani, inazama. Weka lenzi juu ya kimfuko cha mchele, karibu na usawa wa macho ya ndege.

Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi nusu saa, vinginevyo kioo kinajaa ukungu. Ukirudi, usipanguse chumvi kwa kitambaa kikavu, inakwaruza. Tumia kitambaa chenye unyevu wa maji baridi ya kunywa, kisha kikavu.

Chamchanga
Nakubaliana na wote, ila Machi na Aprili si kitu kimoja. Machi wako wengi, lakini bado ni wa kijivu. Ukitaka rangi, ngoja Aprili: Calidris ferruginea, mwenye mdomo uliopinda chini na kiuno cheupe akiruka, hugeuka mwekundu wa matofali kabla ya kwenda Siberia. Masika nayo inaanza, kwa hiyo beba mfuko wa nailoni.

Xenus cinereus ni rahisi: mdomo umepinda juu, miguu mifupi ya manjano, anakimbiza kaa kwa mbio. Maji yakijaa mtafute juu ya matawi ya mikoko. Charadrius leschenaultii na mwenzake mdogo ndio wanaosumbua. Mkubwa ana mdomo mrefu na miguu ya kijani hafifu. Mdomo wa yule mdogo ni mfupi, na miguu yake ni ya kijivu cheusi. Piga picha ya ubavuni, mdomo na miguu vionekane pamoja.

Tafadhali sana, usiwarushe ili upate picha ya mbawa. Siku hizi wanakusanya mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, na kila mruko unayala. Wakiacha kula na kuinua vichwa, umeshawakaribia mno. Rudi nyuma polepole.

Mwana_Kisauni
Shukran. Kwa maji ya asubuhi, Tudor au Mida?

Bamvua
Mida. Kuna njia ya mbao katikati ya mikoko na kibanda cha kujificha mwishoni, na mla kaa wako huko kwa makundi. Shuka barabara ya Malindi kabla ya Gede. Usichelewe, maana wazima wao huanza kuondoka Aprili kwenda kutaga kwenye mashimo ya mchanga upande wa Somalia na Bara Arabu. Tudor iwe ya jioni za siku za kazi, na usielekeze lenzi bandarini wala kwenye kivuko.

Chamchanga
Na ukiona pete au kibendera mguuni, kuza picha, andika rangi, herufi na mguu gani, kisha wapelekee shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya pale Watamu.