Bima ya afya kwa wote: anayejiona mzima aruhusiwe kujitoa?

Wakuu habari za muda huu. Kuna hoja imezunguka sana siku hizi na naona inapigiwa makofi, inasema hivi: bima ya afya ibaki hiari, anayetaka ajiunge, asiyetaka aachwe na hela yake. Wanaoileta wanasema wao ni vijana, hawaumwi, hawajawahi kulala wodini, na wenye uwezo tayari wana bima za makampuni, sasa walipie vipi huduma ambayo hawataigusa? Mi napinga, tena napinga kwa moyo wote, na sio kwamba naitetea serikali, maana nayo nitaisema huko chini.

Tuanze na sheria yenyewe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, na inataka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima. Kabla ya hapo waliokuwa na bima ya aina yoyote walikuwa kama asilimia 15 tu ya Watanzania, na kundi kubwa ni watumishi wa umma ambao hawaulizwi, wanakatwa asilimia 6 ya mshahara, nusu kwa mfanyakazi nusu kwa mwajiri, basi. Sisi wengine wote, wakulima, mama lishe, mafundi, bodaboda, machinga, tulikuwa kwenye hiari. Kwa hiyo anayesema "tujaribu hiari kwanza" nimwambie hiari imeshajaribiwa hapa hapa kwetu na kwa miaka mingi kweli kweli.

CHF, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, sheria yake ikaja 2001, serikali ikaweka mpaka utaratibu wa tele kwa tele, yaani wanachama wakichanga nayo inatia kiasi kile kile juu yake. Baadaye ikaboreshwa, ikawa elfu 30 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima, yaani elfu 5 kwa mtu! Na bado watu hawakujiunga wa kutosha. Sababu sio umaskini peke yake jamani, elfu 30 kaya nyingi zinaipata hasa wakati wa mavuno. Sababu ni kwamba mtu akiwa mzima anasema ngoja kwanza, na anayekwenda kukata kadi haraka ni yule ambaye nyumbani ana mgonjwa wa sukari au mtoto mwenye sikoseli.

Halafu ikaja Toto Afya Kadi, hii ndio nataka muiangalie vizuri maana ndani yake kuna jibu la huu mjadala wote. Mtoto alilipiwa 50,400 kwa mwaka akatibiwa kote nchini, mpango mzuri sana, umewaokoa watoto wengi na mimi nawajua baadhi. Ila waliokwenda kukata hiyo kadi wengi ni wazazi ambao mtoto alikuwa anaumwa tayari, wengine walikata mtoto akiwa ameshalazwa. Wenye watoto wazima hawakwenda. Matokeo yake matibabu yakala hela mara kadhaa ya ile iliyochangwa, na mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ukasimamisha kumwandikisha mtoto mmoja mmoja, wazazi wakaambiwa wawaandikishe kupitia shule ili wazima na wagonjwa waingie pamoja. Mnakumbuka kelele za mwaka ule. Wazazi wenye watoto wa moyo na saratani walilia, na walikuwa na haki ya kulia, lakini wengi waliolaumu mfuko walikuwa hawajawahi kuchangia hata mia.

Ni sawa na mtu anayetaka kuingia kwenye mchezo wa kina mama wa kupeana hela kwa zamu, wiki ile ile ya kupokea. Hakuna kina mama watakaomkubali huyo, hata awe ndugu wa mwenyekiti.

Sasa ile hoja ya "asiyetumia asilipe". Tatizo lake ni kwamba hakuna mtu anayejitoa kweli. Anajitoa kulipa, hajitoi kuugua, na siku akiugua au akipata ajali analetwa hospitali ile ile na watu wale wale.

Mtaani kwetu kulikuwa na kijana wa bodaboda, pikipiki ya mkataba, hesabu ya tajiri kila jioni. Kijiweni ndio alikuwa msemaji mkuu wa hii hoja, bima ni ya wagonjwa, mimi nina miaka ishirini na ushee naumwa nini. Akagongwa na gari usiku, mguu ukavunjika juu ya goti. Akapelekwa hospitali ya serikali, wakampokea, wakamtuliza maumivu, wakamfunga, ila oparesheni ya kuweka chuma ikabidi isubiri malipo, control number imetoka na familia haina kitu. Grupu la WhatsApp likafunguliwa usiku ule ule. Mliowahi kuwa kwenye haya magrupu mnajua yanavyokwenda, orodha inakopiwa kila mtu anaongeza jina lake chini, Baba Neema 10,000, Mama Asha 5,000, mwingine anaandika "ahadi 20,000 mwisho wa mwezi" halafu anapotea. Mama yake kila asubuhi yupo dirisha la ustawi wa jamii kuomba msamaha wa gharama, anaulizwa barua ya serikali ya mtaa, akileta barua anaambiwa kuna sahihi imekosekana. Mke wake akauza friji aliyokuwa anagandishia barafu za kuuzia watoto wa shule. Tajiri naye akachukua pikipiki akampa dereva mwingine. Mguu ulikuja kuungwa, lakini muda ulikuwa umekwenda na mpaka leo anachechemea.

Nani alimlipia? Mama aliyekuwa anauza maandazi ili amchangie, mke aliyeuza friji, majirani, na hospitali iliyobeba deni lililobaki. Mbona hapo hatusemi hiari? Unajitoa kwenye mchango wa mfuko halafu mzigo unaangukia ukoo wako, tena bila onyo na kwa bei ya juu.

Twende kwa wenye nazo. Kuna mtu kaandika kwa kujiamini kabisa, mimi natibiwa binafsi, watoto wanasoma binafsi, nina kisima na sola, mlinzi wa kampuni getini, serikali inanipa nini? Kaka, Machi 2023 ugonjwa wa Marburg, unaofanana na Ebola, uliingia Kagera, kule Bukoba vijijini, waliougua 9, wakafariki 6, na mmoja wa waliofariki ni mhudumu wa afya. Walioingia vijijini kufuatilia kila aliyegusana na wagonjwa, waliokaa vituoni kuwahudumia, sio hospitali yako yenye kiyoyozi. Ni wahudumu wa afya wa serikali, na ugonjwa ukaishia kule kule kabla haujapanda basi la Mwanza kuja Dar. Najua mtanijibu kwamba ile kazi inalipwa na kodi sio bima, sawa, lakini zahanati ni hiyo hiyo na nesi ni huyo huyo, na zahanati inayojiendesha kwa kuokoteza hela za papo kwa papo haiwezi kukaa tayari kwa siku kama ile.

Na hizo bima za makampuni tusizitukuze sana. Nyingi ni za kazini, kazi ikiisha na kadi imekwisha. Zina kikomo, ukipata ugonjwa wa kusafisha figo mara mbili tatu kwa wiki kikomo unakifikia mapema tu halafu unahamia wapi? Hospitali ya umma. Wazee wetu ndio kabisa, jaribu kumwandikisha mama yako wa miaka 70 uone masharti. Hata hospitali binafsi zenyewe, Machi 2024 baadhi zilipogoma kupokea kadi za NHIF kwa sababu ya kitita kipya cha bei, yaani orodha ya huduma na kiasi ambacho mfuko unalipa, wenye kadi waliambiwa waende wapi? Hospitali za umma, kule kule wanakosema hawakuhitaji.

Sasa niseme upande ambao wapinzani wangu wana haki, maana hapa sitaki kumdanganya mtu. Ukilipa bima halafu ukafika dirishani ukaambiwa dawa hamna kanunue nje, umeibiwa. Hakuna lugha laini hapo. Mtu anatoka na karatasi ya daktari, anavuka barabara kwenda duka la dawa analipa keshi, na kadi iko mfukoni. Huyo akisema nataka kujitoa namwelewa hasira yake kabisa. Ila nimuulize, ukijitoa wewe unayejua kudai, unayejua kuandika, ambaye ukipiga simu kuna mtu anapokea, nani atabaki kudai? Atabaki bibi yako kijijini ambaye akiambiwa dawa hamna anasema ahsante mwanangu anaondoka. Mi naona suluhisho lianze kwa wakubwa kwanza: viongozi, wabunge, wakurugenzi, wote watibiwe kwa kitita kile kile na wakae foleni ile ile, na safari za matibabu nje kwa hela ya umma ziwe kwa kile ambacho kweli hakifanyiki hapa nchini. Dawa zitapatikana haraka sana.

Serikali nayo ina deni lake. Nchi za Afrika, sisi tukiwemo, zilikubaliana Abuja 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, sisi hatujafika. Huwezi kumbana mwananchi achangie halafu wewe ahadi yako umeiweka kabatini. Sheria imesema asiye na uwezo atalipiwa, na imetaja vyanzo kama ushuru wa vinywaji, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Basi hela hiyo ionekane ikiingia kwenye mfuko, isije ikapotelea njiani.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu yenu:

Mkuu wa Nairobi, umeandika kwamba tujifunze kwenu, na nimesoma yote. Ni kweli tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya Kenya, ianze Oktoba 2024 mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote bila ukomo, wakati NHIF ya kwenu ya zamani mwisho ilikuwa shilingi 1,700 za Kenya kwa mwezi, kwa hiyo mwalimu wa mshahara wa laki moja sasa anatoa 2,750. Naelewa maumivu. Ila kilio chako ukikisoma vizuri hukusema watu wajitoe, umesema wewe unakatwa kabla hujaiona hela na jirani yako mwenye maduka matatu halipi. Yaani yeye ndiye aliyejitoa na wewe unambeba! Hilo ndilo ninalolipinga.

Dada uliyeuliza kuhusu leseni. Muswada wa 2022 ulitaka kufunga bima kwenye vitu kama leseni ya udereva na hati ya kusafiria, watu wakapiga kelele, ukasogezwa mbele. Kelele ile niliiunga mkono na ninaiunga mpaka leo. Kumnyima dereva leseni kwa sababu hana bima ni kumkata mkono ambao ungeilipa hiyo bima. Na viwango vilivyotajwa mwaka ule, laki 3 na 40 kwa kaya ya watu sita kwa mkupuo, mama wa genge ataitoa wapi? Huyu mama hashindwi kuchangia, angalia vikoba, angalia michezo, kila wiki anatoa na hachelewi. Anachoshindwa ni mkupuo. Akatwe kidogo kidogo kwa simu kwa wiki, mkulima wa korosho na pamba akatwe kupitia AMCOS, chama chake cha ushirika, msimu wa mauzo kama ilivyokuwa kwenye mpango wa bima wa Ushirika Afya, kila mtu kwa kadiri ya anachopata. Rwanda mutuelle yao, yaani bima ya afya ya jamii, ni lazima kisheria, na walipanga viwango kwa makundi ya hali ya kaya, maskini kabisa analipiwa, mwenye nacho anatoa zaidi, wakafikisha zaidi ya asilimia 80 ya watu. Na kule sio kwamba wana hela kutuzidi.

Na wewe kaka uliyeniita mjamaa, mimi sina shida na jina. Umesema kila mtu abebe msalaba wake na anayetaka kujitoa asaini karatasi kwamba hatadai huduma. Basi tuandikie hiyo karatasi tuione. Uandike kwamba ukiletwa umezimia, umetoka ajalini Kibaha, nesi akikukuta huna bima wala hela asikuguse. Uandike na kwa niaba ya mtoto wako mchanga, maana naye utakuwa umemtoa. Halafu mke wako asaini kama shahidi. Ukiweza kuiandika yote na jina lako kamili chini, nitakuja hapa niendelee kubishana na wewe.