Kwa nini Ndamukong Suh alishika nafasi ya nne tu katika kura za Heisman mwaka 2009?

Swali
Ndugu zangu, habari zenu. Nimerudia kuitazama michezo ya soka ya Marekani ya Ndamukong Suh, mlinzi wa katikati, alipokuwa Chuo Kikuu cha Nebraska, na kuna jambo linaloniuma hadi leo. Mwaka 2009 alitwaa tuzo za Outland, Lombardi, Nagurski na Bednarik, na shirika la habari la AP likamtangaza mchezaji bora wa mwaka, heshima ambayo mlinzi hakuwahi kuipata kabla yake. Hata hivyo, katika kura za Heisman, tuzo kuu ya mchezaji bora wa vyuo, alitanguliwa na Mark Ingram, Toby Gerhart na Colt McCoy, wote washambuliaji. Je, wapiga kura walikosea, au kazi ya mlinzi wa katikati haipimiki?

Jibu la kwanza
Inapimika, ila sehemu yake kubwa haiandikwi popote. Mlinzi wa nafasi ile huzuiwa na wapinzani wawili kwa pamoja, na anapowashughulisha wote, mwenzake aliye nyuma hupata njia, akamwangusha mwenye mpira na kuandikiwa sifa yeye. Ndiyo maana mchezo wa fainali ya Big 12 (ligi ya vyuo) dhidi ya Texas, mwezi Desemba 2009, ni wa ajabu: licha ya kuzuiwa hivyo, Suh alimwangusha kwotabaki, yaani mrusha pasi wa wapinzani, mara 4.5 (nusu huhesabiwa walinzi wawili wanapomwangusha pamoja), na aliyekuwa akianguka ni McCoy huyohuyo aliyemshinda katika kura. Nebraska walipoteza 13–12 kwa teke la mwisho, baada ya waamuzi kurudisha sekunde 1 kwenye saa. Mimi naamini wapiga kura walikosea.

Jibu la pili
Nakubaliana nawe kuhusu mchezo huo, lakini tatizo ni kongwe kuliko Suh. Hugh Green wa Pittsburgh mwaka 1980, Manti Te'o wa Notre Dame mwaka 2012 na Aidan Hutchinson wa Michigan mwaka 2021 wote waliishia nafasi ya pili. Charles Woodson wa Michigan alishinda mwaka 1997, akimpita Peyton Manning, lakini alikuwa pia akidaka pasi upande wa ushambuliaji, na dhidi ya Ohio State aliurudisha mpira wa teke yadi 78 hadi tachidauni, yaani hadi eneo la goli la wapinzani ambako hupatikana pointi. Travis Hunter wa Colorado, mshindi wa 2024, naye alicheza pande zote mbili. Mlinzi asiyeshika mpira huanza mbio akiwa nyuma.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Kwa hoja hiyo ya kushika mpira, naomba msiusahau msimu wa 2008, ambapo Suh, mtu wa safu ya mbele, alinasa pasi 2 za wapinzani na kuzifikisha zote kwenye tachidauni, kisha akaamua kubaki chuoni mwaka mmoja zaidi badala ya kwenda NFL, ligi ya kulipwa.