Wife kakutwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo, ni lazima apasuliwe?

babamapacha: Wakuu habari za jioni. Wife tangu ajifungue analalamika maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, yanamshika usiku hasa akila chipsi au nyama ya mafuta, yanapanda mpaka begani yanakaa masaa halafu yanapoa yenyewe. Tumeambiwa sana vidonda vya tumbo, omeprazo kameza weee wapi. Juzi ndo kapigwa utrasaundi wakakuta mawe, dokta anataka mfuko utolewe wote. Mama mkwe naye anasema anywe mafuta ya zeituni na limao mawe yatatoka chooni. Mtu anaishi kweli bila nyongo??

mtoto_wa_ngamiani: Anaishi mkuu, nyongo inatengenezwa na ini, kile kimfuko ni stoo tu. Mi nilitolewa kwa kamera, vitundu vinne vidogo, kesho yake niko home. Mwanzoni nilikuwa naharisha nikila mafuta mengi ila ilikata yenyewe.

nesi_wa_zamu: Mama mkwe mwambieni kwa adabu aache. Yale madude ya kijani yanayotoka sio mawe, ni hayo hayo mafuta na limao yameganda tumboni. Tena mafuta yanafanya mfuko ujikamue, jiwe likisukumwa likaziba mrija hapo ndo balaa, macho yanakuwa njano mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi, homa na kutetemeka, au kongosho linavimba. Ukiona hivyo usiku wa manane usingoje asubuhi mpeleke.
Mimba inachangia sana maana homoni zinaongeza kolesteroli kwenye nyongo na mfuko unakuwa mvivu. Mawe yasiyouma mara nyingi tunayaacha ila ya kwake yanauma tayari. Dawa za kuyeyusha zipo lakini ni kwa mawe madogo ya kolesteroli tu, unameza miezi na miezi na ukiacha yanaweza kurudi, binafsi sioni faida kwa mtu kama yeye.

mama_k: Na msidhani ni ya wanene tu jamani, mwanangu ana sikoseli mwembamba kabisa na anayo, chembe za damu zikivunjika ovyo ile rangi ya njano inayotoka humo inajikusanya kwenye nyongo inakuwa mawe. Wenye watoto wa sikoseli wakilalamika tumbo ombeni utrasaundi, na waende hawajala.

babamapacha: Asanteni sana. Sasa wapacha bado wananyonya, itakuwaje?

nesi_wa_zamu: Amwambie daktari wa usingizi mapema, kwa kawaida akishaamka vizuri ana fahamu zake ananyonyesha tu. Ila kabla ya opereshen ulizeni vipimo vya ini vimesomaje, kama kuna jiwe limeshuka kwenye mrija linahitaji kutolewa kivyake, wanapitisha mpira mdomoni, na sio kila hospitali ina hicho kifaa.