Kubeba kilo 80 kwa baiskeli, Amboni hadi Mgandini: keria, tela, guta au mota?

Mchicha_Tanga
Wakuu, naomba ulinganisho. Mzigo ni mboga za majani, nazi, na siku nyingine madumu mawili ya maziwa ya lita 20. Jumla kilo 80, mara chache 100. Njia ni Amboni hadi soko la Mgandini, kama kilomita 8, karibu yote lami, ila mita 600 za kutokea shambani ni mchanga. Baiskeli ni ya inchi 28, breki za vyuma (za fito, si za waya), gia moja. Pikipiki sitaki, mafuta yanameza faida yote ya mchicha. Niimarishe keria, nichomelee tela, nitafute guta la pedeli (baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu), au nifunge mota ya umeme?

Fundi_Spoki
Mkuu, anza na uzito wote unaosogezwa. Mwendeshaji kilo 65, baiskeli 20, mzigo 80: hiyo ni 165. Kwenye lami tambarare, tairi zimejaa vizuri, mwendo wa km 12 kwa saa unadai kama wati 70. Mtu mzima mwenye afya hutoa wati 75 kwa saa nzima bila kuchoka vibaya, na kilomita 8 kwa mwendo huo ni dakika 40. Kwa hiyo lami ya Tanga hailazimishi mota. Mlima ndio unaobadilisha hesabu: mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100, hata ukienda km 7 tu kwa saa, unadai karibu wati 190. Hapo unashuka unasukuma.

Keria ya kilo 80 inawezekana, ila ile nyepesi ya dukani itapinda. Tengeneza ya nondo ya mm 10, miguu miwili kila upande ishuke hadi kwenye ekseli ya nyuma. Ekseli iwe ndefu, nati ishike nyuzi zake zote baada ya kuweka miguu na wosha. Mbele ifunge kwenye fremu kwa klempu na bolti, usichomelee: moto wa kuchomelea hudhoofisha viungo vya fremu na ufa huanzia hapohapo. Katikati ya mzigo isivuke ekseli kwenda nyuma. Ikivuka, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba.

Kisha ringi. Baiskeli za aina hii kwa kawaida zina spoki 32 mbele na 40 nyuma. Spoki hukatika kwenye kona inapoingia habu (kitovu cha gurudumu), na chanzo kikubwa ni kulegea: kila mzunguko inaachia na kukaza, mpaka chuma kinachoka. Kaza zote zifanane. Zigonge kwa msumari usikilize mlio, inayotoa mlio mzito kuliko wenzake imelegea. Ikikatika moja ibadilishe siku hiyohiyo, maana jirani zake wanabeba mzigo wake na watafuata.

Skwea_Paipu
Fundi yuko sahihi, lakini kwa mzigo wenye madumu mimi nasema tela. Baiskeli inabaki baiskeli, ukifika sokoni unalikata. Vipimo vyangu kwa kilo 100:

Kitanda sm 60 kwa 90, skwea paipu ya mm 25 yenye unene wa mm 1.5. Mzunguko mita 3, vikingamo viwili mita 1.2, fremu za nje za magurudumu mita 1.8, mkono wa kuvutia mita 1.4. Jumla mita 7.4, yaani paipu mbili za mita 6, na kinachobaki kinatosha kingo na stendi. Chuma hicho kina uzito wa kama kilo 8.

Kosa linaloua matela mengi ni gurudumu la baiskeli kushikwa upande mmoja. Ekseli ya baiskeli imeundwa ishikwe pande zote mbili. Ukiichomelea kama ya toroli itapinda kwa mzigo wa kwanza mzito. Ndiyo kazi ya zile fremu za nje: gurudumu likae katikati ya mabamba mawili, uwazi wa sm 10 kwa habu ya mbele.

Mkono upite kushoto kwa gurudumu la nyuma, ufungwe chini karibu na ekseli, usifungwe kwenye keria. Ukifunga juu, ukishika breki tela linaisukuma baiskeli kutoka kiunoni na mkia unarushwa kando. Kiungo kiruhusu kupinda kulia na kushoto, juu na chini, na baiskeli kulala bila kulilaza tela. Kipande cha mpira mnene wa tairi la gari kinatosha, lakini ongeza mnyororo wa akiba, kwa sababu mpira hukatika bila taarifa.

Upangaji: ncha ya mkono iwe na kilo 4 hadi 8 kwa mzigo wa 80. Ining'inize kwenye mizani ya soko uhakikishe. Ikiwa sifuri au inanyanyuka, tela litacheza mkiani. Madumu yakae juu ya ekseli yakiwa yamejaa hadi shingoni, dumu la nusu linapiga mawimbi na unayasikia kwenye usukani.

Guta_Ilala
Mnalionea guta. Linasimama lenyewe, hupangi mzigo kwa wasiwasi, na kilo 200 linabeba.

Fundi_Spoki
Kwa kilo 200 nakubali bila ubishi, tena kama majirani watatu wa Amboni wataunganisha mzigo wao guta linashinda yote haya. Kwa kilo 80 unalipia chuma kisichokuletea pesa, maana guta lenyewe ni zito mara kadhaa kuliko baiskeli. Na kwenye mchanga wa Mchicha, magurudumu matatu yanachimba njia tatu, wakati baiskeli inachimba moja. Kama cheni inavuta gurudumu moja tu la nyuma, hilo litazunguka mahali pamoja na sanduku litaenda upande. Pia halilali kwenye kona kama baiskeli, kwa hiyo ukikata kona kwa kasi linanyanyua gurudumu la ndani.

Yuniti_Moja
Nizungumzie mota, kwa sababu watu hununua seti kwanza, kupima fremu baadaye. Mota ya habu ya mbele inahitaji uma (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) wenye nafasi ya mm 100. Uma wa baiskeli hizi za zamani ni mwembamba kuliko hapo, na tundu la ekseli ni la kama mm 8, ekseli ya mota ikiwa na bapa la mm 10. Utapanua na kupiga tupa, halafu lazima uweke mkono wa chuma unaozuia ekseli isizunguke. Bila huo, mota ikivuta ekseli inageuka, inakata waya na gurudumu linachomoka.

Tatizo la pili ni breki. Breki za vyuma hubana ringi kwa upande wa ndani, na zinahitaji ringi yenye umbo lake maalumu. Ringi inayokuja na mota si hiyo. Kwa hiyo mbele utahitaji breki nyingine ya waya.

Betri ya volti 36 na Ah 10 ina Wh (wati-saa) 360. Ukisaidia kwa pedeli, mzigo huu unakula kama Wh 12 kwa kilomita, hivyo kwenda na kurudi, kilomita 16, ni kama Wh 190. Ukijumlisha kinachopotea kwenye chaja, ni karibu robo ya yuniti ya LUKU (yuniti moja ni Wh 1,000) kwa siku. Umeme ni rahisi, betri ndiyo ghali. Betri za asidi ziepuke: tatu za volti 12 zinafika kilo 12, na ukizitumia zaidi ya nusu kila siku zinakufa mapema.

Kwa njia yako, mota ya mbele ina udhaifu mmoja zaidi. Mzigo uko nyuma, gurudumu la mbele ni jepesi, kwenye mchanga litateleza. Na hewa ya chumvi ya Tanga inakula viunganishi vya waya. Vipake grisi na uvielekeze mdomo chini.

Ndege_Kisii
Kwetu ni milima, na pale mota si anasa. Lakini kabla ya mota, badilisha gia ya nyuma. Mbele meno 44 na nyuma 18, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mita 5.4. Weka friwili ya meno 22, unakuwa mita 4.5. Unapoteza kasi kidogo lakini magoti yanapona. Ongeza pingili mbili za cheni.

Mwana_Goma
Ndugu zangu, msisahau chukudu. Huku Goma inabeba mamia ya kilo za viazi, mkaa na mbao, haina pedeli wala cheni, ni mbao ngumu na magurudumu ya mti yaliyovikwa mpira wa tairi. Mtu anapiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma. Mji umeiheshimu hata kwa sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Ila niseme wazi: nguvu yake ni mteremko wa kutoka vijijini kuja mjini. Kupanda unasukuma kwa mikono. Kwa njia tambarare ya huyu ndugu, baiskeli ni bora.

Mchicha_Tanga
Asanteni sana. Nimeelemea kwenye tela na friwili ya 22. Maswali mawili: nikiweka mota siku za mbele, naweza kuchaji betri kwa kupiga pedeli nyumbani? Na usiku taa niweke nini?

Yuniti_Moja
Kuchaji usihangaike. Ukitoa wati 75, dinamo na kontrola vikala sehemu yake, betri inapata kama 50. Wh 190 ni karibu saa nne za jasho. Cheni iliyopakwa oili vizuri inafikisha zaidi ya asilimia 90 ya nguvu hiyohiyo kwenye gurudumu. Nguvu zako zipeleke barabarani moja kwa moja.

Taa, dinamo ya chupa ya volti 6 wati 3 inatosha. Mstari wa mhimili wake uelekee katikati ya gurudumu, ikikaa kombo inakula tairi. Waya ni mmoja tu, wa pili ni fremu yenyewe, kwa hiyo kwangua rangi pale klempu inaposhika, la sivyo taa haitawaka na utadhani dinamo imekufa. Mvua ikinyesha inateleza. Weka na taa ndogo ya betri. Tela nalo liwe na kiakisi chekundu kila kona ya nyuma.

Skwea_Paipu
Kwa ule mchanga, tairi za tela ziwe za inchi 26 kwa 2.125, upepo mdogo kidogo kuliko wa lami. Nyembamba zitazama.

Fundi_Spoki
Na breki, usiziache mwisho. Uzito ukiongezeka mara mbili na breki zikabaki zilezile, umbali wa kusimama nao unakuwa mara mbili. Raba mpya zote nne, uwazi wa mm 2 hadi 3 kutoka kwenye ringi, na ringi ifutwe oili. Ringi ya chuma ikilowa inashika vibaya sana, kwa hiyo kwenye mvua gusa breki kidogo mapema ikauke kabla hujaihitaji. Punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, achia, ndipo ukate kona: ukishika breki katikati ya kona, tela linasukuma na kujikunja juu ya baiskeli. Fanya jaribio la kwanza na kilo 40 za mchanga kwenye viroba kabla ya kupakia maziwa.