Nataka kuweka sampu (tangi la pili la kuchujia) chini ya tangi la maji chumvi, umeme ukikatika itakuwaje?

babaNemo_Tabata

Wakuu habari za jioni. Nina tangi la maji chumvi sebuleni, sentimita 120 kwa 50 kwa 50, yaani lita 300 ukipiga hesabu ya kioo kitupu. Linakaribia mwaka sasa, ndani wamo nemo wawili, kangaja mmoja wa bluu, kamba wa kusafisha na konokono kadhaa. Filta yangu ni ile ya kuning'iniza nyuma na imeshazidiwa, kila baada ya siku mbili nakwangua mwani kwenye kioo cha mbele kwa kadi ya benki iliyoekspaya, afu skima niliyonunua (ile ya kutoa uchafu kwa mapovu) haina hata pa kukaa. Sasa nimepata tangi kuukuu la 75 kwa 35, kimo 40, nataka nilifanye sampu nilifiche kabatini chini.

Mzunguko naelewa, maji yanashuka kwa bomba, yanachujwa, pampu inayarudisha juu. Kinachoninyima usingizi ni umeme. Kwetu unakatika bila hodi na mimi nakaa ghorofa ya pili, chini yangu yupo mama mmoja mpole sana ila kanunua kochi jipya juzijuzi. Pampu ikizima maji yote si yatamshukia? Na nitoboe kioo au nitumie kile kisanduku cha ovafloo (pa maji kumwagikia yashuke) cha kuning'iniza? Mama watoto kashanipa onyo la mwisho baada ya ile ishu ya ndoo, msiulize.

mzee_wa_ndoo

Mkuu sampu ya nini tena. Sisi wengine tuko karibu na bahari, unachota maji freshi unabadilisha asilimia 15 kila wiki, mwani wenyewe unakimbia. Chota bamvua maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto, basi. Mimi sina sampu na samaki wangu wana miaka mitatu.

bintiLikoni

@mzee_wa_ndoo hiyo ya bamvua ni kweli, lakini masika je? Mvua zikikaza maji ya ufuoni yanakuwa na tope na chumvi inapungua, hapo utachota nini? Na yeye ana skima haina pa kukaa, mwache ajenge.

Ndugu yangu pole, hiyo ndoo natamani kuijua. Mimi sampu yangu mwaka wa nne huu na nimefurisha nyumba mara moja tu, ikatosha. Sikiza. Maji hayashuki yote, yanashuka mpaka pale bomba litakapovuta hewa, sasa kazi ni kujua hapo ni wapi. Upande wa ovafloo hauna shida, stima ikipotea maji yanateremka mpaka usawa wa meno yake ya kupitishia maji yanakoma, sentimita moja au mbili. Wengi wanaponaswa ni kwa bomba la kurudishia. Pampu ikifa lile bomba linageuka mrija, linanyonya maji kuyapeleka chini mpaka mdomo wake uchungulie hewa.

Piga hesabu na vipimo vyako. Juu, kila sentimita moja ya kimo ni lita 6. Umezamisha mdomo sentimita 10, ni lita 60 hizo zinateremka. Sampu yako kila sentimita ni lita 2.6 na kidogo, ukiiendesha ikiwa na maji ya sentimita 22, juu imebaki nafasi ya sentimita 18, kama lita 47. Zile 13 zilobaki ni za mama wa kochi, na hapo hujahesabu yaliyomo ndani ya mabomba. Lakini mdomo ukiuweka sentimita 2 tu chini ya uso wa maji ni lita 12, sampu inameza wala haishtuki.

Utaambiwa utoboe tundu dogo kwa lile bomba livute hewa mapema, na uweke valvu ya kuzuia maji kurudi. Mimi nilikuwa na vyote viwili! Tundu likaziba kwa mwani sikuliona, na siku hiyohiyo konokono mchanga, mdogo kama punje ya mtama, akakwama kwa ulimi wa ile valvu ikabaki wazi. Stima ikapotea saa nane usiku, mimi naamka kwenda msalani nakanyaga maji ya uvuguvugu kwa zulia, nikadhani ni mtoto. Tundu toboa, ila lisugue kila wiki kwa kijiti, na hesabu yako ifanye kana kwamba halipo.

Kile kisanduku cha kuning'iniza mimi sikitaki hata bure. Hatari yake ni stima *ikirudi*. Mrija wake ukiwa umepoteza maji, pampu inaendelea kupandisha juu na hakuna kinachoshuka.

babaNemo_Tabata

Dah dada umenifungua macho, mimi mdomo wa bomba nilipanga niuzamishe karibu nusu ya tangi eti maji yazunguke vizuri. Sasa kutoboa ndo naogopa, fundi wa mtaani anasema anatoboa kwa drili ya ukuta. Na pampu niliyoiona dukani imeandikwa lita 3000 kwa saa, si itakuwa nyingi sana?

fundi_silikoni

Drili ya ukuta!! Mwambie akatoboe ukuta wake. Kioo kinatobolewa kwa biti ya kikombe yenye almasi, taratibu, bila kugonga, maji yanatiririka pale muda wote na nyuma umebandika tepu ili kipande kisidondoke. Kabla ya yote hakikisha kioo sio tempa (kilichopikwa kiwe kigumu), maana tempa ukiigusa tu inakuwa chengachenga tangi zima. Namna ya kujua: weka skrini ya laptop ikiwa nyeupe upande mmoja wa kioo, vaa miwani ya jua ile ya polaraizi uangalie kutoka upande wa pili huku unageuza kichwa, ukiona madoa au mistari myeusi ndani ya kioo hiyo ni tempa, iache. Matangi mengi huwa tempa chini tu, ndo maana mimi hutoboa kioo cha nyuma juu pembeni.

Toboa mawili ya kushusha, sio moja. Bomba la kwanza linabeba maji yote likiwa limejaa kabisa, unalibana kwa valvu mpaka linyamaze, la pili mdomo wake uko juu kidogo linakaa kavu likisubiri siku la kwanza litakapoziba. Bomba moja tu lina kelele kama choo na likiingia konokono umekwisha. Pampu isikutishe, lita 3000 ni pale isipopandisha kitu, ukiisukumia mita moja na nusu kwenda juu na kona mbili tatu inabaki sehemu tu, angalia mchoro kwenye boksi. Ukipata 1500 mpaka 2000 kwa saa zinazofika juu kwa tangi lako inatosha.

Sasa vitu viwili vya hadweya vinavyoua watu (samaki namaanisha). Valvu ya shaba usiweke, najua ndo inayouzwa kila duka na imara, ila maji chumvi yanailamba na shaba ikiingia majini kamba wako na konokono ndo wa kwanza kufa. Nunua ya plastiki. Na silikoni ile ya bafuni yenye dawa ya ukungu hapana kabisa, chukua isiyo na dawa, inayonuka siki, iache ikauke wiki nzima. Sampu yenyewe gawa vyumba vitatu: maji yanapoangukia pamoja na skima, katikati mawe au mwani, mwisho pampu. Kati ya katikati na pampu weka vioo vitatu, maji yapite juu, chini, juu, nafasi sentimita 3 hivi, mapovu yanaishia hapo. Skima inapenda kina kisichobadilika, soma yako inataka sentimita ngapi ndo ukate kioo cha kwanza kwa kimo hicho.

mtoto_wa_Unguja_Maskati

Chumba cha pampu kifanye kidogo makusudi. Bomba za kushusha zikiziba zote mbili, pampu itapandisha kilichomo humo tu kisha inabaki kavu, na juu uwe umeacha nafasi ya kupokea. Lakini hapo ndipo utapoona maji yanapungua upesi, kwa sababu yanayokauka tangi zima yanaonekana chumba hicho peke yake. Mie hapa joto la Maskati najaza kila siku. Na jaza maji *baridi yasiyo na chumvi*, yaliyochujwa kwa RO (kichujio kinachoondoa chumvi na uchafu), chumvi haikauki inabaki humo. Mie mwanzo nikijaza maji ya chumvi nikidhani ndiyo sawa, napima chumvi kwa kipimo cha uzito wa maji naona 1.030, kumbe inatakiwa 1.025 au 1.026. Kamba wakanifia wote.

Na waya zote zifanye tumbo chini kabla ya kufika soketi, ili tone lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme. Kabati la sampu lina unyevu na chumvi inatambaa kila mahali. Huyo kangaja naye akikua lita 300 zitambana, ila hilo ni jengine.

bintiLikoni

Na kabla hujaita jamaa kuja kuona, zima pampu mwenyewe mchana ukiwa umesimama hapo. Kisha washa. Rudia mara tano. Maji yakishakoma kushuka weka alama ya tepu kwa sampu.

babaNemo_Tabata

Mrejesho wakuu, wiki tano baadaye. Kioo cha nyuma hakikuwa tempa, nimetoboa mawili, dakika kama 20 kila moja na jasho la kutosha. Mdomo wa kurudishia nimeuweka sentimita 2 na nusu chini ya maji. Nimezima swichi ukutani mara sita, mara zote maji ya sampu yanapanda yanasimama palepale kwenye alama, pamebaki vidole vinne kufika juu. Mara ya saba umeme ulikatika wenyewe nikiwa kazini, mama watoto akanitumia picha ya tepu bila maneno yoyote.

Mzee wa ndoo, maji ya bamvua naendelea kuchota, nashukuru. Skima siku ya tatu ikaanza kutoa uchafu rangi ya chai ya rangi, harufu yake hapana.

Limebaki moja, mama wa chini kauliza kwanini usiku anasikia kama jenereta. Pampu nimeiwekea sponji, bado inanguruma. Mmejaribu nini nyie?